Chuma Katika Goti la Poni

Kama mtoto wako ana kitu kigumu karibu na goti, au begani, au kwenye kifundo cha mguu, kitu ambacho ukikisukuma kwa kidole hakisogei, usimsikilize jirani. Wala usinisikilize mimi. Nenda ukapange foleni. Mambo ya ndani ya mfupa atakueleza daktari, mimi siyajui na sitajifanya nayajua. Ninachojua ni foleni yenyewe, na nyumba inavyogeuka wakati mnasubiri, na mtoto anavyokuangalia. Hayo nayajua kuliko mtu yeyote hapa Atlabara, mtaa wetu wa Juba, na anayebisha aje tubishane.

Naitwa Kiden. Nashona nguo sokoni kwa cherehani ya mkono. Shule sikuingia. Kusoma nilijifundisha kanisani huko Uganda, tulipokuwa wakimbizi: watu wakiimba, mimi nafuata herufi kwenye kitabu cha nyimbo mpaka zikaanza kusema. Kwa hiyo ukiona nimeandika kama ninavyoongea, ndivyo ilivyo. Mdomo wangu ulitangulia kalamu.

Poni ni mdogo wangu. Ni wa mwisho kwa mama, na baba alikufa uhamishoni kabla hajamwona akitembea. Poni alizaliwa porini wakati wa vita. Alikuwa bado ananyonya siku ndege za serikali zilipokuja juu ya njia tuliyokuwa tunapita kuelekea mpakani. Mama alikimbia naye mgongoni, akaanguka, na alipomfungua mtoto akakuta damu kwenye goti la kushoto. Mjomba wetu Modi, kaka yake mama, tunayemwita khalu kama watu wa Juba wanavyosema, alikuwa mpiganaji. Yeye ndiye alimwosha mtoto lile jeraha. Akasema kuna kachuma kameingia, kadogo, tukaache.

Usicheke. Wanaume waliotoka porini, nusu yao wana chuma mwilini. Khalu mwenyewe anacho begani. Porini hakukuwa na daktari, kulikuwa na wembe, na wale waliochimbwa kwa wembe wengi walioza wakafa. Walioacha chuma kilale wako hai, wanakunywa pombe ya mtama na kutukana watu. Ndipo ikatoka ile sheria yetu: chuma kikilala, usikiamshe.

Basi Poni alipofika umri wa kuchunga kuku, hapo juu kidogo ya goti, upande wa ndani, pakaota nundu ngumu. Kila mtu akasema, ndicho hicho, chuma kinajitokeza. Kule kambi ya wakimbizi watoto walikuwa wanakuja kukigusa. Poni alikuwa anawatoza njugu. Khalu akija kututembelea anamwita mbele ya wageni: "Njoo hapa, wewe mtoto wa bomu." Tuliishi na ile nundu kama unavyoishi na mgeni wa baba ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Amani ikaja, tukarudi Juba, tukapata kiwanja Atlabara, tukajenga kwa matete na udongo. Kiangazi cha kwanza hapakuwa na kitu. Kiangazi kilichofuata Poni akaanza kubaki nyuma tukienda kuchota maji. Nikadhani ni uvivu, nikamwita kobe. Halafu nikaona anashuka ukingo wa mto kwa kurudi kinyumenyume. Halafu akawa hawezi kuchuchumaa. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa, hebu fikiria mwenyewe siku yake ilivyo, kuanzia chooni asubuhi mpaka kuosha vyombo jioni. Alikuwa amenyoosha mguu mmoja mbele kama mtu anayempiga mwenzake ngwala.

Nundu ilikuwa imekua. Zamani ilikuwa kama njugu mawe, sasa ilikuwa kama yai la kanga, na mguu ukikunjwa kuna kitu kinakwama pale, halafu kinaachia kwa mlio. Ukiwa karibu unausikia.

Mama alifanya anachojua. Maji moto, kitambaa, mafuta ya lulu, yale tunayokamua kwenye mbegu za mti wa porini na kupakaa. Alimkanda kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Poni alikuwa anauma mkono wake mwenyewe asipige kelele.

"Mama, unamuumiza," nikasema.

"Namlainisha."

"Chuma hakilainiki kwa mafuta."

"Wewe ulisomea wapi udaktari? Kwenye kitabu cha nyimbo?"

Hapo alinipata. Lakini siku Poni aliposema vidole vya mguu vimelala ganzi na haviamki, sikumwomba mtu ruhusa. Nilimfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto mchanga nikaenda naye hospitali. Alikuwa mrefu tayari, miguu inaning'inia karibu inanigonga magoti. Wanawake wa bombani wakaniona.

"Kiden, umezaa mkubwa kuliko wewe?"

"Nimemzaa jana," nikasema. "Leteni zawadi."

Poni akacheka kwenye shingo yangu. Nakumbuka pumzi yake, ilikuwa ya moto.

Baraza la hospitali lina ukuta uliopakwa chokaa. Ile chokaa haishiki, inabaki mgongoni kwa yeyote anayeegemea. Ukikutana sokoni na mtu mwenye mgongo mweupe unajua ametoka wapi, na unaweza kumuuliza nani anaumwa bila kusubiri akwambie. Miezi ile nguo zangu zote ziliota weupe mgongoni. Nilizifua, ulibaki.

Pale barazani unajifunza watu. Kuna anayekuuliza mtoto ana nini ili akueleze wake ana nini. Kuna anayekuuliza ili afurahi kwamba wake si kama wako. Na kuna wanaokupa kitu bila kuuliza. Mama mmoja aliyetoka mbali alikuwa na ufuta wa kukaanga kwenye kibuyu. Kila tulipokutana alimmiminia Poni kiganjani, na hatukuwa na lugha hata moja ya kuzungumza naye. Sijui jina lake. Nikimwona leo nitamshonea gauni bure.

Na kuna wale wenye mdomo. Mfunga vidonda mmoja alipita, akainama, akagonga ile nundu kwa kucha kama anagonga mlango. "Huu utakatwa," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Poni alikuwa amesikia. Akanivuta nguo. "Utakatwa nini?"

"Ulimi wake," nikasema, kwa sauti, ili asikie.

Lakini lile neno tulirudi nalo. Utaona mwenyewe: neno likishatoka, haliondoki nyumbani. Linakula nanyi.

Daktari alikuwa kijana kutoka Kaskazini, upande wa ile serikali ya ndege. Miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Nilipomwona nilisimama nitoke, nakwambia kweli, kwa sababu vita vilikuwa vimeisha kwenye karatasi tu, masikioni vilikuwa bado. Akasema kwa Kiarabu nikae. Nikakaa, kwa sababu mguu wa Poni haukuweza safari nyingine siku ile. Alikuwa na glasi ya chai mezani. Aliishika kwanza kwa viganja vyote viwili, bila kunywa, halafu ndipo akashika goti. Nilielewa baadaye: alikuwa anapasha mikono moto. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia Poni hivyo. Sikumpenda, lakini nilikiona.

Nikamwambia hicho ni chuma. Cha bomu lenu. Nilisema "lenu" nikimwangalia machoni.

Akasema, "Tutapiga picha."

Kupiga picha ya eksirei si kusema tu. Siku ya kwanza umeme hapana. Siku nyingine umeme upo, mwenye mashine yuko msibani. Siku nyingine mashine, umeme na mtu vyote vipo, dawa ya kusafishia picha imekwisha na inasubiri ndege. Nilimpeleka Poni na kumrudisha mgongoni mpaka wanawake wa bombani wakaacha kutania, wakawa wananiwekea ndoo yangu mbele ya foleni ya maji bila kusema kitu. Hiyo nayo ni rehema, ihesabu.

Picha ilipopatikana, daktari aliiweka kwenye kioo cha dirisha. Nikaona mfupa wa mdogo wangu. Unajisikia kama umechungulia mahali pasipotakiwa.

"Hakuna chuma," akasema. "Ni mfupa wenyewe. Umetoa tawi."

"Nani ameutoa?"

"Hakuna. Watoto wengine inawatokea hivyo, mahali mfupa unapokulia, karibu na kiungo. Mingi si mibaya. Mtoto anakua, nao unakua. Wengi tunawaacha nao. Lakini huu unauma, unakwama, unabana mshipa wa mguu, na wewe unasema umekua haraka. Lazima tuutoe, tupeleke kipande Khartoum wakiangalie."

"Wakisema ni mbaya?"

Alivua miwani. "Hapo tutazungumza juu ya mguu."

Nilimuuliza kwa Kiarabu, mguu wote? Nikauliza kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kibari, ambacho hakijui. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema hajui. Nilitamani anidanganye, na nilipofika nje nilishukuru hakunidanganya.

Nyumbani sikujua jinsi ya kusema. Nikasema tu, "Mama, si chuma."

Mama akaweka chini mchi. "Ni nini basi?"

"Mfupa. Wanataka kupasua."

Kwetu hakuna kisu kinachogusa mtoto wa dada kabla kaka wa mama hajasema neno. Anakunywa maji, anamtemea mtoto baraka, ndipo mambo yanaendelea. Bila hivyo mtoto akifa ni wewe umemuua. Mama akamtumia khalu habari, kule kambi ya jeshi upande wa Jebel, maana alikuwa ameingizwa jeshini pamoja na wenzake baada ya amani. Akaja na buti zake. Akasikiliza yote amesimama.

"Nani anasema hakuna chuma?"

"Daktari."

"Jallabi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Jallabi ndiyo tunawaita wale wa Kaskazini, na si jina la heshima.

"Sawa," akasema. "Serikali inatupa bomu. Bomu inaingia mtoto. Halafu serikali inasema, hapana, bomu hakuna, ni mfupa. Halafu inachukua kisu inatoa bomu yake, inaficha. Na mguu wanatupa. Kiden, wewe iko na akili ama hapana?"

Sasa mjibu hapo. Kila kitu alichosema kilikuwa na mantiki, na nilikuwa nimekaa mbele ya yule daktari nikafikiri hivyo hivyo.

"Khalu, niliona picha."

"Picha ya nani? Umejuaje ni ya Poni? Iliandikwa kwenye mfupa?"

Hakutema maji. Akasema chuma kilale. Akaondoka. Na mama, ambaye hajawahi kumvuka kaka yake, akachukua mafuta ya lulu akaanza tena kukanda.

Mvua ya kwanza ikanyesha, watu wakaenda kulima. Nyumba yetu ikawa nyumba ya kimya. Mama na mimi tulikuwa tunaongea kupitia Poni. "Mwambie dada yako chakula kiko tayari." "Mwambie mama nimeshiba." Poni akachoka, akawa anajibu mwenyewe bila kupeleka: "Amesema asante, mama, amesema chakula kizuri sana." Muongo yule. Mguu wake ulikuwa umeanza kukonda pajani, na wayo unaburuza matopeni unaacha mstari. Ukitoka asubuhi unaona mstari wa Poni uani na unajua ameenda wapi na amerudi vipi.

Siku moja nikaona mstari umeishia katikati ya ua. Alikuwa amekaa pale kwenye tope, hana sauti, hajaita mtu.

"Kwa nini hukuita?"

"Mtagombana," akasema.

Nikamnyanyua nikamkabidhi kwa mama. Halafu nikaenda kwa miguu mpaka kambini. Mlinzi wa getini akaniuliza nataka nani, nikamwambia namtaka Modi, na kama hawezi kuniitia Modi aniitie mwanamume yeyote aliye karibu. Khalu akatoka. Wenzake nao wakatoka, maana sauti yangu unaijua.

"Khalu," nikasema, "ulikimbia porini ukipigwa risasi hukuogopa. Sasa unaogopa picha."

"Nenda nyumbani."

"Una chuma begani. Njoo upigwe picha wewe. Tuweke chuma chako na goti la Poni dirisha moja. Kama vinafanana, nitamkanda Poni mwenyewe mpaka nizeeke. Kama havifanani utatema maji. Au unaogopa yule jallabi atakuibia chuma chako?"

Askari mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Modi, huyu ni mpwa au ni kamanda?" Khalu akageuka, akaingia ndani. Nikarudi nikilia njia nzima, na mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Asubuhi khalu alikuwa uani amevaa sare iliyopigwa pasi. Akambeba Poni yeye.

Khalu anajua Kiarabu vizuri. Alikuwa anawasikiliza maadui redioni vita vyote. Lakini mbele ya daktari akakataa kukisema hata neno; akasimama wima akaongea Kiswahili cha jeshi, nami nitafsiri.

"Mwambie mimi iko na chuma ya ukweli. Yake."

Nikatafsiri, na "yake" sikuilainisha.

Daktari akasikiliza. Akasema, "Avue shati."

"Anasema uvue shati."

"Nimesikia," khalu akasema, kisha akakumbuka kwamba hasikii, akakohoa.

Kwa bahati umeme ulikuwepo. Tukasubiri picha ikauke, sisi wote kwenye chumba kimoja: askari kifua wazi, daktari na miwani yake, mimi, na Poni mezani akila ufuta. Halafu daktari akachukua picha mbili akazibandika kwenye kioo.

Hata Poni aliona. Kwenye bega la khalu kulikuwa na kitu cheupe kikali, kina ncha, kimekaa peke yake kama jiwe ndani ya uji. Hakikuhusiana na mfupa. Kwenye goti la Poni hapakuwa na kitu kama hicho popote. Mfupa ulikuwa unapanda kama shina, na pale juu ya goti ukatoa tawi, rangi ile ile, ngozi ile ile, kutoka ndani yake wenyewe.

Khalu akasogea. Akaweka kidole kwenye chuma chake. Nadhani alikuwa hajawahi kukutana nacho. Akahamisha kidole kwenye goti, akafuata lile tawi kutoka chini kwenda juu, akarudi chini.

"Yangu imeingia," akasema polepole. "Hii imetoka."

"Ndiyo," daktari akajibu, kwa Kiswahili. Kumbe naye alikuwa anasikia.

Wakatazamana, wale waongo wawili. Khalu akaomba maji. Alipewa kwenye ile glasi ya chai. Akanywa, akayazungusha mdomoni, akamtemea Poni kichwani na kwenye goti. Khalu hana meno mawili ya mbele, kwa hiyo maji yaliruka upana wote, na daktari aliyekuwa ameinama karibu akapata baraka ya uso mzima. Akavua miwani akaifuta kwa koti.

"Na mimi pia?" akauliza.

"Wewe ndiyo zaidi," khalu akasema. "Wewe iko unashika kisu."

Walimpasua katikati ya msimu wa mvua. Damu ya akiba alitoa khalu, akitukana sindano. Kisha akakaa barazani ameegemea chokaa, sare yake nzuri ikawa nyeupe mgongoni, na hakuondoka hata kwenda kukojoa. Mama alikuwa anafunga na kufungua ncha ya kitambaa chake. Mimi nilitembea. Kutoka mlango wa wodi mpaka tangi la maji, kutoka tangi la maji mpaka mlango wa wodi, hadi muuguzi akaniambia nitachimba shimo kwa kutembea.

Akatolewa na mguu mzima ndani ya plasta, kutoka kinena mpaka vidole. Vidole vilikuwa nje. Nikavibana. Alikuwa bado kwenye usingizi wa dawa, lakini kimoja kikajikunja. Sikuwa nimeomba Mungu siku ile, nilikuwa nimekasirika naye, lakini hapo nilimsamehe kidogo.

Daktari akatuonyesha walichotoa, ndani ya chupa. Kama kipande cha tangawizi, nakuapia, na juu kina kofia laini inayong'aa kama gegedu la sikio. Khalu akaigeuza chupa, akaigeuza tena. Alikuwa bado anatafuta chuma.

Kitu kile kikaenda Khartoum kwa ndege, na sisi tukaanza kungoja. Nisikilize hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu hawakuambii. Watu watakuja kusema asante Mungu, ameshapasuliwa, kalas, imekwisha. Haijaisha. Unarudi nyumbani na mtoto mzito kama gogo na hujui kama ule mguu unaoutunza ni wake au umeazimwa. Unaosha vidole. Unajiuliza unaosha kitu gani.

Plasta inanuka. Inawasha ndani mahali ambapo hakuna mkono unafika. Tulimkuna kwa bua la mtama mpaka daktari akatugombeza, tutamtia kidonda. Poni akawa mkali. Alimrushia mama bakuli. Aliniambia mimi ni serikali, eti natoa amri tu. Mama akaanza kuongea na mimi tena, lakini kuhusu kuni na chumvi peke yake. Na ndege. Kutoka Atlabara unazisikia zinashuka Thongpiny, kwenye uwanja. Kila ikishuka, mchi wa mama unasimama hewani. Siku za mawingu mazito ndege zinazunguka na kurudi zilikotoka, na mama anatwanga kwa hasira kana kwamba mtama ndio uliozifukuza. Khalu alikuwa anaenda mpaka kwenye seng'enge ya uwanja kuangalia abiria wakishuka. Sijui alitegemea nini. Labda mtu atashuka na jibu mkononi atangaze.

Karanga zilikuwa zimeng'olewa plasta ilipokatwa. Jiandae kwa siku hiyo. Mimi nilidhani itakuwa sherehe. Ukatoka mguu mwembamba kama wa mbuzi, una manyoya meusi, ngozi inabanduka kama kitunguu, na kovu refu la rangi ya waridi upande wa ndani. Poni akageuza uso ukutani. "Si wangu huo," akasema. Goti halikukunjika. Tulikuwa tumempeleka na goti linalokwama, tumerudishiwa lisilokunjika kabisa. Nikataka kumpigia daktari kelele, akaniwahi: kila siku akae mezani, mguu uning'inie, akunje kidogo, kesho kidogo zaidi. Atalia. Msimwache kwa sababu analia.

Nikamkunja. Mama alitoka nje hakuweza kusikia. Poni alinitukana kwa lugha zote za uhamishoni, nyingine sikujua anazijua. Goti likaanza kusikia.

Tulikuwa kwenye mazoezi hayo, hospitali, mama na khalu wakiwepo, daktari alipoingia. Hakukaa.

"Jibu la Khartoum limefika. Si mbaya. Mguu ni wake."

Nikatafsiri kwa Kibari kwa ajili ya mama. Nilidhani atapiga vigelegele. Hakupiga.

"Muulize," akasema, "nani alimfanyia."

"Mama, amesema si mbaya."

"Muulize."

Nikauliza. Daktari akasema hakuna mtu, mama. Hata asingezaliwa vitani mfupa ule ungeota.

"Hata nisingeanguka?"

Hapo ndipo nilijua. Miaka yote ile, khalu akiwaonyesha wageni mtoto wa bomu, mama alikuwa amekaa pembeni akihesabu hatua zake za siku ile: kwamba alipita mahali pa wazi, kwamba aliinuka mapema. Alikuwa anamkanda Poni kosa lake mwenyewe.

"Hata usingeanguka," daktari akasema. Nikatafsiri.

Mama akaushika ule mguu mwembamba, kwa mikono mikavu, bila mafuta. Hakukanda. Aliushika tu. Khalu akatoka nje akasimama juani. Nilimfuata nikidhani analia, hakulia. "Sasa nimkasirikie nani?" akaniuliza. Na mimi nilikuwa namtafuta huyo huyo.

Yule daktari alihamishwa kurudi kwao kiangazi kile. Khalu alimbebea sanduku mpaka uwanjani. Kabla daktari hajaondoka alinifundisha kupapasa: kidole kifuate mfupa taratibu, karibu na viungo, kila baada ya miezi kadhaa mpaka Poni amalize kurefuka, na nikikuta kitu kigumu nisikikande, nisikichanje, nimpeleke. Kwa hiyo nampapasa. Hanipendi nikifanya hivyo. Anasema namshika kama mbuzi wa mnada. Nami simwachii mpaka nimalize goti la pili.

Sasa wanawake wananijia pale kwenye cherehani. Wanaleta watoto chini ya shuka. Mmoja ananiambia huyu aliangukia jiwe, mwingine anasema amerogwa na mke mwenza, mwingine anasema ni chuma, kilale. Sijui ugonjwa wao, na siwaambii ni nini. Kazi yangu ni kukasirika mpaka mtoto apigwe picha. Mama wa mtoto akileta maneno, nafunika cherehani, nafunga mtoto mgongoni, natembea, naye ananifuata nyuma akinitukana soko zima. Wengi wananyamaza tukifika kwenye lile baraza, wakiona wenzao wamekaa. Hapo nawaambia waegemee ukuta, safari ni ndefu.

Nafasi kwenye foleni tunaikuta ipo. Poni anakuwa ametangulia kutushikia, mbio, mguu wa kushoto kidogo upande, anaruka madimbwi.